Umepewa Ofisi, Unaogopa Kuumbuka

Barua ya uteuzi ikitoka, mtaa mzima hujua kabla ya mteuliwa mwenyewe. Simu zinaita, hongera zinamiminika, na mashemeji wanataka kujua kama cheo kipya kina gari. Wiki ya pili shamrashamra zimekwisha. Umebaki wewe na kiti kilichokuwa cha mwenzako, mhuri, bunda la funguo ambazo nusu yake hujui zinafungua nini, na wazo moja lisilokutoka: hawa watu wamekosea kuniteua, siku si nyingi watajua kwamba sijui ninachofanya, nami nitaumbuka.

Makala haya nayaelekeza zaidi kwa walimu waliotolewa darasani wakakabidhiwa shule, maana hapo hofu hii inaonekana bila kificho. Mganga mfawidhi wa zahanati, meneja wa tawi la benki na mwenyekiti mpya wa SACCOS watajiona humu pia. Hoja yangu ni moja. Sijaona ofisi iliyovunjwa na woga wa mkubwa wake. Nimeona nyingi zilizovunjwa na jitihada zake za kuuficha woga huo.

Hali yenyewe ina umri. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, walichapisha makala kuhusu wanawake zaidi ya 150 wenye shahada, vyeo na heshima katika kazi zao, ambao hata hivyo walijiona wamepita mlango wa uani. Kila ushahidi wa uwezo wao waliutafutia sababu nyingine: mtihani ulikuwa rahisi, msahihishaji alikosea, walionisaili walinihurumia. Baadaye Clance alitunga dodoso la vipengele 20 la kupima hisia hizo, na tafiti zilizofuata zikakuta kwamba wanaume nao wamo, tena wengi. Wataalamu hawaihesabu kuwa ugonjwa. Ni namna ya kujisoma vibaya, na humpata hata mtu anayeijali kazi yake.

Wahamasishaji wa mitandaoni watakuambia usimame mbele ya kioo kila asubuhi ujiambie kwamba wewe ni simba. Jaribu ukitaka. Siku mkaguzi akifika na hoja yake ya ukaguzi mkononi, simba hatakusaidia kuijibu.

Anza na karatasi. Andika kila jambo unaloogopa kuulizwa hadharani, bila kupamba, kisha litazame moja moja. Utagundua kwamba kilichoonekana kama hofu moja kubwa kina vitu viwili ndani yake visivyo na undugu.

Cha kwanza ni kutojua, na kutojua si kosa la nafsi yako. Chukua mwalimu wa Kiswahili aliyefundisha miaka kumi na mbili, akasifiwa kwa matokeo, akapewa ukuu wa shule ya sekondari ya kata. Tangu Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza Tanzania, ruzuku inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, na kiwango kilichowekwa kilikuwa shilingi 25,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari, 10,000 kwa wa msingi. Mwalimu wetu, ambaye kazi yake ilikuwa ngeli na uhakiki wa tamthiliya, ghafla anaulizwa kasma, hati ya malipo, na kwa nini daftari la fedha halilingani na taarifa ya benki. Mwishoni mwa 2021 ikaja zamu ya madarasa 15,000 ya fedha za UVIKO-19, 12,000 kati yake ya sekondari, yaliyotakiwa kuwa tayari kabla ya wanafunzi kufungua shule Januari. Wakuu wa shule wakajikuta wanasimamia mafundi, wanapima mchanga na kokoto, wanabishana na wauza nondo. Aliyelala macho wazi miezi ile akidhani ana kasoro ya kujiamini alikuwa anajionea. Alikuwa hajafundishwa ujenzi, basi.

Hofu ya namna hii ina dawa rahisi, ingawa inachosha: jifunze. Usijifunze uongozi kwa ujumla, maana huo hauna mwisho. Jifunze vitu vitatu au vinne vilivyoko kwenye karatasi yako, kwa mpangilio wa kipi kinaweza kukufikisha pabaya mapema zaidi. Kwa mkuu wa shule mpya, fedha ndiyo ya kwanza, sina shaka. Mwalimu mvivu anaweza kusubiri muhula ujao, lakini sahihi yako kwenye hati yenye kasoro haisubiri. Kipo chuo cha ADEM, Bagamoyo, kinachofundisha uongozi na usimamizi wa elimu, lakini usingoje hadi upelekwe huko.

Kitu cha pili kwenye karatasi ni cha jamii nyingine kabisa. Sina sauti ya mkuu. Wenzangu wa ofisi ya walimu wananicheka. Aliyenitangulia akisimama mstarini shule nzima inatulia, mimi mpaka nipige kengele. Hawa waliniteua kwa kukosa mtu. Hakuna kozi ya mambo haya, na ukiyajibu kwa kusoma zaidi utasoma hadi ustaafu. Haya hupungua kwa namna unavyoenenda ofisini, na ndipo wengi hujikwaa.

Angalia mkubwa mwenye hofu anavyojificha. Wa kwanza huwa mkali. Mwalimu anauliza swali la kawaida kwenye kikao, kwa mfano fedha za taaluma zitatoka lini, na mkuu anasikia shambulio. Keshoye mwalimu anapewa barua ya kujieleza. Kikao kinachofuata hakuna anayeuliza, mkuu anadhani ameheshimiwa, kumbe amefungiwa mlango: kuanzia siku hiyo atakuwa wa mwisho kujua kila jambo baya shuleni pake. Mwingine hujificha kwa kushika kila kitu. Ufunguo wa stoo ya chakula anao yeye, chaki anagawa yeye, zamu anapanga yeye, na makamu wake amebaki kupiga kengele. Anasema hawaaminiki. Ukweli ni kwamba anaogopa makamu akifanya vizuri, watu watauliza kwa nini hakuteuliwa huyo. Wa tatu hapigi kelele wala hashiki kitu, ila haamui. Kila jambo tusubiri maelekezo kutoka juu, hata choo cha wasichana kilichovunjika mlango. Huyu ndiye ninayemwogopa zaidi, kwa sababu anapendwa. Hana adui, na shule inaoza polepole chini ya tabasamu lake.

Kama umejiona katika mmoja wao, habari njema ni kwamba tabia hubadilika kabla ya hisia. Unaweza kuendelea kuogopa na bado ukamrudishia makamu ufunguo wa stoo leo mchana.

Sasa tuje kwenye kuuliza. Kila Mswahili anajua kwamba kuuliza si ujinga, na kila Mswahili aliyepewa cheo anaamini kanuni hiyo ni ya wadogo. Mkuu akiuliza, atadharauliwa. Inategemea anauliza wapi na anauliza nini. Usisubiri kikao cha bodi ya shule ndipo uulize maana ya kitu ambacho wajumbe wote wanakijua. Uliza siku mbili kabla, ofisini, kwa mtu anayefanya kazi hiyo kila siku, na uliza kwa kina: “Mwalimu, nisaidie. Kabla sijasaini hii, nipitishe tangu mwanzo. Hela inatoka kasma gani, nani aliomba, na vitu vilipokelewa na nani?”

Maneno hayo yanafanya kazi mbili kwa pamoja. Yanakufundisha, na yanamwambia mtunza fedha kwamba hapa hati hazipiti kwa mazoea. Linganisha na mkuu anayejifanya anajua. Karani mjanja humnusa siku ya kwanza. Anamletea hati saa tisa na nusu Ijumaa, watu wamesimama mlangoni, na kumwambia kwa sauti ya upole, “Mkuu, hii ni ya kawaida, huwa tunasaini tu.” Anayeogopa kuonekana hajui atasaini. Hapo ndipo hofu ya kuumbuka inapomleta mtu kwenye kuumbuka kwenyewe, na nimeona ikitokea kwa watu waadilifu kabisa waliokuwa na aibu tu ya kusema: sijaelewa, acha nibaki nayo hadi Jumatatu.

Uliza pia wa ngazi yako. Wakuu wa sekondari wanao umoja wao, TAHOSSA, na ukimkuta mmoja mzoefu asiye na makuu, mshike. Afisa elimu kata anaweza kuwa msaada mkubwa au asiwe chochote, inategemea mtu. Jaribu mara moja utajua.

Utafiti mmoja unafaa kutajwa hapa. Basima Tewfik, wa chuo cha MIT huko Marekani, mwaka 2022 alichapisha matokeo kwamba wafanyakazi wenye mawazo haya ya kujitilia shaka mara nyingi zaidi walionekana na wenzao kuwa hodari zaidi katika kuhusiana na watu, wala kazi yao haikuwa duni. Anayedhani hajui humsikiliza mwenziwe. Hilo usiliache lipotee ukishazoea kiti.

Kuna hofu moja ambayo vitabu vya ng’ambo haviifahamu. Umeteuliwa na una miaka thelathini na minne, na kwenye ofisi ya walimu ameketi mwalimu aliyekufundisha kidato cha pili. Sasa wewe ndiye unayesaini likizo yake. Vijana wengi hapa huchanganyikiwa: wengine huacha kumwamkia ili cheo kionekane, wengine humwogopa hata akichelewa kipindi wiki nzima. Mwamkie. Shikamoo yako haipunguzi mamlaka hata chembe, na ukiiacha ofisi nzima itaona na itasema. Halafu, ukiwa umeshamwamkia, sema jambo lako lote kama lilivyo: “Shikamoo mwalimu. Naomba tuongee kidogo kuhusu vipindi vya asubuhi.” Mzungumze mkiwa wawili, mlango umefungwa, wala usimtume mwalimu wa zamu. Mzee anayeheshimiwa hivyo mara nyingi hugeuka kuwa ngome yako, kwa sababu wewe ni mwanafunzi wake na kufeli kwako ni kufeli kwake.

Na mtangulizi? Akiwa hai na anaishi jirani, mtembelee mapema. Muulize ni jambo gani alilitamani akalikosa, na ni nani kijijini ambaye ukimkosea mambo yatakwama. Baada ya hapo usishindane naye.

Tanzania ina mfano mkubwa wa hilo. Tarehe 5 Novemba 1985 Ali Hassan Mwinyi, mwalimu kwa taaluma, aliapishwa kumrithi Mwalimu Julius Nyerere. Fikiria kiti hicho. Mtangulizi ameongoza tangu uhuru, dunia inamjua, na wala hakuondoka: alibaki mwenyekiti wa CCM hadi 1990. Maduka yalikuwa matupu, watu wanapanga foleni ya sabuni na sukari. Mwinyi alilinganishwa kila siku, naye anakumbukwa kwa kujiita kichuguu mbele ya Mlima Kilimanjaro. Wapo walioona ni unyonge. Mimi naona alipiga hesabu nzuri: mtu akishatangaza mwenyewe kwamba si mlima, nani atamwumbua kwa hilo? Kisha kichuguu kikafanya kazi yake. Mwaka 1986 serikali yake ikafikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, ambalo Nyerere alikuwa amevutana nalo kwa miaka, biashara zikalegezwa, bidhaa zikarudi madukani, naye akaitwa Mzee Rukhsa. Sera hizo zinabishaniwa hadi leo, na zina haki ya kubishaniwa. Lakini hakukaa miaka kumi akiigiza sauti ya mwenziwe.

Yapo ya kabla yake pia. Mwaka 1977, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Mwinyi alijiuzulu kutokana na vifo vya watu waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga, ingawa hakuwa yeye aliyetenda. Kwa mwanasiasa, aibu ya hadharani kubwa kuliko hiyo ni ipi? Akapelekwa ubalozi Misri, akarudi, Januari 1984 akashika urais wa Zanzibar, na mwaka uliofuata nchi nzima. Lile ambalo wewe unaliogopa usiku lilimpata mchana kweupe, na hakulikimbia.

Turudi kwetu wadogo. Lipo neno linalouma kuliko yote: amebebwa. Ana mtu wizarani. Kapewa kwa sababu ya dini yake, kabila lake, mjomba wake. Ukijua si kweli, liache. Anayelisema hatashawishika kwa maelezo, na kadiri unavyojitetea ndivyo linavyonoga. Na kama ni kweli? Kwa nchi zetu hizi swali hilo haliepukiki. Kama kuna mkono uliokusukuma, usizunguke ukiungama kwa kila mtu, wala usijidanganye kuwa haukuwepo. Deni lako halipo kwa aliyekusukuma, lipo kwa wanafunzi mia sita wanaokaa chini yako, na linalipwa kwa kujifunza kazi haraka kuliko ambavyo ungejifunza kama ungekuwa umeipata kwa jasho.

Kwa wanawake neno hilo huja na nyongeza: kapewa kwa sababu ni mwanamke. Mwaka 2021 Ruchika Tulshyan na Jodi-Ann Burey waliandika katika jarida la Harvard Business Review kwamba wanawake wanaambiwa watibu kutojiamini kwao wakati mahali pa kazi ndipo panapowafanya wajione wageni. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Fundi anafika shuleni, anampita mkuu wa shule aliyesimama mlangoni, anakwenda kumsalimu makamu kwa sababu makamu ana ndevu. Mama huyo akirudi nyumbani anajihisi si mkuu, je, shida iko kichwani mwake? Asiitibu nafsi, arekebishe utaratibu. Mikataba yote inasainiwa ofisini kwa mkuu, malipo hayatoki bila mkuu kukagua kazi kwa macho yake, na makamu anaelekezwa kujibu kila anayemkimbilia: “Nenda kwa mkuu, yuko pale.” Baada ya malipo ya pili mafundi wote watakuwa wameshajua wanamtafuta nani.

Sifa nazo zina adabu yake. Tumelelewa kuzirudisha: ni Mungu tu, ni walimu wenzangu, mimi sikufanya kitu. Mbele za watu endelea, ni uungwana. Tatizo ni pale unapoanza kuamini maneno yako mwenyewe. Kwa hiyo weka daftari, la siri kama unataka. Kila uamuzi mzito uandike siku uliyouamua: nini, kwa nini, na ulitarajia nini. Mwisho wa muhula andika kando kilichotokea. Matokeo yakiwa mazuri kwa sababu ulizozitaja mapema, huwezi tena kusema ilikuwa bahati. Yakiwa mabaya, utajua ulikosea wapi, nawe utakuwa umeepuka ugonjwa wa upande wa pili, ule wa mkuu asiyejitilia shaka kamwe. Mwaka 1999 David Dunning na Justin Kruger walionyesha kwamba wasiojua kitu mara nyingi hujikadiria juu mno kuliko uwezo wao. Kati ya hao na wewe, ningependa mwanangu asome shuleni kwako.

Woga ukipita kiasi, usingizi ukakukimbia kwa wiki nyingi, moyo ukawa unakwenda mbio kila simu ya halmashauri inapoita, au ukaanza kutuliza jioni zako kwa chupa, hapo makala hayatoshi. Mwone daktari. Ukuu wa shule unarudishwa kwa barua moja, na kuomba kurudi darasani si aibu. Wapo walioomba, na darasa likawa limempata mwalimu wake.

Mwisho niseme na ninyi mnaoteua. Mnampa mtu barua Jumatano, Ijumaa anaripoti, makabidhiano yanafanywa kwa nusu saa juu ya boneti ya gari kwa sababu anayeondoka anawahi basi. Kisha mnamshangaa akiwa mkali au akiwa bubu. Mpeni siku tatu na mtangulizi wake, vitabu vyote vya fedha vikiwa wazi mezani, na mtu wa uhasibu wa halmashauri akae nao walau siku moja. Mwezi ukiisha, mpigieni simu, na swali la kwanza lisiwe la takwimu. Mwulizeni kipi hajakielewa.